Tafakari ya juma: Bezaleli hakuwa kuhani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili usingizi umenipaa. Baada ya ibada ya nyumbani dada mmoja alibaki nami jikoni tukiosha vyombo, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe amekataa kabisa kujaza fomu za chuo cha unesi. Anataka kusoma uchoraji. "Tulivuka bahari kwa ajili ya rangi?" akaniuliza, na machozi yakamtoka. Akaniomba tumwombee kijana, Mungu amgeuze moyo. Tulishikana mikono, tukaomba. Lakini nilimwombea kijana hekima na mama yake amani. Kwamba ageuzwe moyo sikuomba, maana roho yangu ilikataa. Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile. Ninaloandika hapa ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengi wetu.

Mnajua tulihamia Philadelphia mwanzoni mwa kiangazi hiki kwa kazi ya mume wangu. Mimi ni nesi, lakini leseni ya jimbo hili bado naisubiri, kwa hiyo miezi hii nimekuwa mtu wa nyumbani, na wanaonijua wanafahamu kwamba mikono yangu haijazoea kukaa bure. Mji mgeni una upweke wake. Watu wanakupita barabarani kama maji. Nilikuwa nafungua Biblia asubuhi, nasoma, nafunga, na moyo uko vilevile. Niliushikilia ule mstari wa kanisa lenye jina kama la mji huu, Ufunuo 3:8, "Tazama, nimekupa mlango uliofunguliwa mbele yako," na nilikuwa namwuliza Bwana, mlango gani sasa, mbona siuoni?

Mume wangu akaniambia, toka nje, utembee, uujue mji uliopewa. Nikatoka. Nilianzia wanakoanzia wageni wote: Kengele ya Uhuru, yenye ufa wake, na juu yake maneno ya Walawi 25:10 ya kutangaza uhuru katika nchi yote. Hatua chache tu kutoka hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya George Washington alipokuwa rais, na humo aliweka watu 9 katika utumwa. Mmoja wao, binti aitwaye Ona Judge, alitoroka mwaka 1796 na hakurudi tena. Nilisimama kati ya mahali hapo pawili nikaona jinsi mwanadamu anavyoweza kuandika Neno la Mungu kwenye shaba na asilitii nyumbani kwake. Hilo lina tafakari yake, nitaliacha kwa leo.

Nilizunguka sana baada ya hapo. Soko la Reading Terminal, ukumbi wa jiji wenye sanamu ya William Penn juu kabisa ya mnara, na bustani ya Isaiah Zagar kule South Street, aliyoipamba kwa vipande vya vioo, vigae na chupa zilizovunjika. Vizuri vyote. Lakini Mhubiri alisema kweli: jicho halishibi kuona. Nilikuwa narudi nyumbani nimejaa picha kwenye simu na kiu ileile.

Kisha nikaingia kwenye makumbusho ya sanaa, yale yenye ngazi ndefu wanazopanda watu mbio, na huko ndani nikakutana na Mariamu.

Picha ile ni ya Henry Ossawa Tanner, ameichora mwaka 1898, na somo lake ni Luka 1, malaika akimletea Mariamu habari. Ni kubwa, upana wake unapita mita moja na nusu. Msitazamie bikira wa kwenye kadi za Krismasi. Ni binti tu, mdogo, ameketi ukingoni mwa kitanda ambacho hakijatandikwa, shuka zimevurugika, zulia limekunjamana sakafuni, vidole vya mguu vinachungulia chini ya vazi lake. Hana duara la nuru kichwani. Na Gabrieli hana mabawa wala uso. Ni mwali wa nuru uliosimama wima katika chumba cha maskini, na chumba chote kinapokea rangi yake. Binti amefumbata mikono, ameinua macho kidogo, na usoni mwake uko ule mstari wa 29, "akawaza moyoni, Salamu hii ni ya namna gani?" Bado hajasema "na iwe kwangu kama ulivyosema." Yuko kati ya kuogopa na kukubali.

Nilisimama mbele yake mpaka miguu ikauma. Wapendwa, Luka 1 nimeisoma tangu Shule ya Jumapili, naweza kuisema bila kitabu. Siku ile niliisikia kama inasomwa kwa mara ya kwanza, na maombi yaliyokuwa yamekauka tangu tuhame yakaanza kutoka yenyewe pale niliposimama, katikati ya watu, bila maneno mengi. Bwana, sielewi kwa nini umenileta hapa. Bwana, na iwe kwangu. Mlinzi wa chumba kile, mama wa makamo, aliniletea karatasi ya kujifutia machozi, wala hakuniuliza kitu. Naushuhudia wema wa Mungu: tangu siku hiyo nimeweza kuomba tena.

Nilipofika nyumbani nikatafuta habari za mchoraji. Na hapa ndipo neno langu la leo lilipo.

Tanner alikuwa mtu mweusi, alizaliwa mwaka 1859 Pittsburgh, akakulia hapahapa Philadelphia. Mama yake, Sarah, alizaliwa utumwani Virginia. Baba yake, Benjamin Tanner, alikuwa mchungaji, baadaye akawa askofu wa kanisa la African Methodist Episcopal, lile lililoanzishwa na Richard Allen, ambaye naye alizaliwa mtumwa akajinunua uhuru. Nimekwenda pia Mother Bethel, pembeni mwa barabara za Sixth na Lombard. Kanisa lao la kwanza pale, mwaka 1794, lilikuwa karakana kuukuu ya mhunzi ambayo Allen aliinunua akaivuta kwa farasi hadi kwenye kiwanja chao. Kiwanja hicho hakijatoka mikononi mwa watu weusi hadi leo, na Allen amezikwa chini ya kanisa.

Sasa wafikirieni wazazi hawa wawili. Utumwa ulikuwa ndani ya nyumba yao, katika kumbukumbu ya mama. Mtoto wao alikuwa na umri wa miaka kama 13 alipokuwa akitembea na baba yake katika Fairmount Park, akamwona mtu anachora mandhari, na papo hapo akasema moyoni, hiki ndicho nitakachofanya. Mama alimpa senti chache za kununulia rangi. Baba, kama baba yeyote, alimtafutia kwanza kazi ya maana, kwenye biashara ya unga ya rafiki yake. Kijana akaugua kwa ugumu wa kazi ile, akarudishwa nyumbani, na katika kupona kwake alikuwa anachora. Wazazi wakaona, wakamwacha achore. Aliingia chuo cha sanaa cha Pennsylvania, na huko mmoja wa waliosoma naye ameandika jinsi walivyomtoa nje usiku wakamfunga kwenye kiunzi chake cha kuchorea katikati ya Broad Street, wakamwacha hapo. Fikirini uchungu wa mama kusikia hayo. Bado hawakumwambia aache. Aliyemwezesha kwenda Ulaya mwaka 1891 naye alikuwa mtu wa kanisa, Joseph Hartzell, mchungaji wa Kimethodisti ambaye baadaye alifanywa askofu wa kanisa lake kwa Afrika. Yeye na mkewe walinunua picha za maonyesho yake zote.

Kama nyumba ile ingesema "tulitoka utumwani kwa ajili ya rangi?", mimi nisingesimama mbele ya Mariamu kiangazi hiki.

Fungueni Kutoka 31. Israeli wako jangwani. Hawana nchi, hawana shamba, wanakula mana siku kwa siku, na migongo yao bado ina alama za matofali ya Misri. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema "kwanza tumbo, urembo baadaye", ni hao. Na Mungu anamwambia Musa, "Angalia, nimemwita kwa jina lake Bezaleli." Kwa jina lake! Kisha anasema amemjaza roho ya Mungu, katika hekima na maarifa na ujuzi, abuni kazi za dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe na miti. Bezaleli hakuwa kuhani, hakuwa nabii, hatusomi kwamba alihubiri hata mara moja. Alikuwa fundi. Na anapewa mwenzake, Oholiabu, na sura ya 35 inaongeza kwamba wote wawili walipewa moyo wa kufundisha wengine. Mungu aliwataka watoto wa watumwa wajue kutarizi kabla hawajaujua Yordani.

Najua kuna atakayeniuliza habari ya sanamu za kuchonga. Kutoka 20 inakataza kuziinamia, nami nasema amina. Lakini sura ya 25 ya kitabu hichohicho, Mungu yuleyule anaagiza makerubi ya dhahabu juu ya kiti cha rehema. Alichokataza ni kuabudu kazi ya mikono. Mikono aliiumba yeye.

Wazazi wenzangu, nawasemesha kwa upendo, na nitasema wazi. Kanisani kwetu mtoto akiimba tunampigia vigelegele, tunamnunulia kinanda, tunasema ana karama. Mtoto huyohuyo akichora tunamwuliza kama amemaliza kazi za shule. Tumejuaje kwamba Roho anakaa kooni na hakai kwenye vidole? Msinielewe vibaya kuhusu unesi. Ni wito mtakatifu, ndio wito wangu, nimewafumba macho watu waliokufa mikononi mwangu na nimemwona Kristo vitandani mwao. Ndiyo sababu inaniuma kuona wito huo ukifanywa njia pekee ya mtoto wa Mwafrika ughaibuni, anasukumwa humo kwa machozi ya mama na hesabu ya mshahara. Nimefanya kazi na manesi wa namna hiyo. Mgonjwa anajua. Wao wenyewe wanajua. "Msimzimishe Roho," anasema Paulo kwa Wathesalonike, na sisi tumelifanya neno hilo kuwa la kunena kwa lugha tu.

Hofu yenu naijua. Kodi ni kodi, na hakuna anayelipa kwa picha. Kaeni na mtoto mwongee hayo pia, mtafute naye mtu mzima anayeishi kwa kazi hiyo, mwulizeni maswali magumu. Hilo ni malezi. Lakini kumwombea mtoto ili Mungu aing'oe karama aliyoiweka mwenyewe, hapana, dada yangu. Ombi hilo siwezi kuliitikia amina.

Wala si lazima kila mchoraji mdogo awe Tanner. Mji huu una michoro mikubwa ya ukutani kwa maelfu, unapanda basi unaiona kila upande, nyumba za ghorofa tatu zimefunikwa nyuso za watu wa mtaa. Kazi hiyo ilianza mwaka 1984 wakati wa vita vya jiji dhidi ya kuandika kuta kwa rangi ya kupuliza. Jane Golden, mchoraji aliyepewa kufanya kazi na vijana waliokamatwa kwa kosa hilo, aliwapa brashi na kuta halali. Kuna mtu aliyewatazama vijana ambao wengine waliwaona wahuni, akaona mikono.

Na nyumbani pia Bwana hajakosa shahidi. Elimo Njau, mwana wa Marangu, alichora kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi msalabani, kazi iliyokamilika mwaka 1959. Yesu wake ni Mwafrika, na vilima vinavyomzunguka ni vya nchi ile, katika kanisa lililojengwa kukumbuka waliouawa miaka ya Mau Mau. Watu waliokuwa na damu kati yao walipewa kuta hizo wazitazame pamoja kila Jumapili. Wangapi kati yetu tuliokulia makanisani Kilimanjaro tumewahi kutajiwa jina lake?

Sasa, wapendwa, Jumapili ya kwanza ya mwezi kiingilio cha makumbusho yale ni unacholipa kwa uwezo wako, na watoto hawalipi. Baada ya ibada tutaondoka pamoja. Wenye nafasi kwenye magari waniambie mapema, kuna kina mama wawili wazee wasioweza kupanda ngazi zile na tutawaingiza kwa mlango wa upande wa pili. Soma Luka 1:26 hadi 38 na watoto kabla hamjaja, isomeni polepole. Kila mtoto aje na daftari na penseli, si kalamu ya wino, na tukifika mbele ya Mariamu tuwaache wachore na sisi tunyamaze. Chakula cha baadaye nitapika mimi.