Siku tuliyoonja maji ya mto Pangani

Mama mkubwa alikulia Pangani kabla ya kuolewa Tanga, na kwa miaka mingi alikuwa akiniahidi kunipeleka. Siku yenyewe ilipofika ilikuwa kaskazi, jua la kuchoma. Daladala ilituchukua Tanga alfajiri, ikapita Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na mimi nilishuka Pangani nimegeuka rangi kwa vumbi.

Mjini tulitembea taratibu. Kuna milango ya nakshi ambayo ingali imara, na nyuma yake paa limeshaanguka, mpapai umeota sebuleni. Penye Boma la kale mzee mmoja alitusimulia kuwa watumwa walizikwa hai chini ya nguzo. Habari za namna hiyo nimezisikia kuhusu majumba mengine ya pwani, kwa hiyo nikaitikia kwa adabu tu. La Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, ndilo lililonishika, maana halina shaka: Wajerumani walimnyonga katika mji huu Desemba 15, 1889. Vita vilianza Agosti ya mwaka uliotangulia, Emil von Zelewski wa kampuni ya Kijerumani alipokuja kuwapandishia watu bendera yake. Wenyeji walimbandika jina la Nyundo. Miaka mitatu baadaye Wahehe wa Mkwawa walimuua kule Lugalo.

"Nyundo nayo huvunjika mpini," alisema mama mkubwa, kisha akaniuliza kama nina njaa.

Tulikula wali wa nazi na samaki karibu na kivuko, tukitazama pantoni likivusha watu na pikipiki kwenda Bweni. Halafu tukakodi boti yenye mashine. Nahodha alikuwa kijana mpole, akamwamkia mama mkubwa shikamoo, akamshika mkono hadi akakaa.

"Mama, ukiwa humu mkono usitoke nje. Mamba wapo."

"Mwanangu, mamba nimewajua kabla mama yako hajazaliwa."

Maji yalikuwa yanaanza kupwa na mizizi ya mikoko imejitokeza. Nahodha aliitaja miti mmoja mmoja: mkoko wenyewe wenye miguu mingi, mchu ambao mizizi yake huchomoza matopeni kama penseli, mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo. Matope yalikuwa hai. Kaa wadogo walikimbilia mashimoni boti ilipokaribia, yangeyange wakasogea hatua mbili tatu bila haraka, na juu ya mti mkavu furukombe alikuwa akilia kwa sauti yake ile ya kichwa kurushwa nyuma. Mamba tulimwona mmoja tu, kinywa wazi, nikadhani ni gogo mpaka alipoteleza majini.

Tulipopanda zaidi, minazi ya ukingoni ikaanza kuonekana bila vichwa. Mama mkubwa akanyamaza. Kisha akaomba kopo la kukumbia maji, akateka, akaonja, akatema.

"Chumvi! Hapa tulikuwa tunafua."

"Ni maji ya bahari, mama, hayajatoka yote. Yakipwa kabisa yatapungua ukali."

"Enzi zetu hata yakijaa hayakufika hapa."

Wakabishana, kila mmoja akimwita mwenzake kwa heshima. Kijana hakuwa mbishi sana. Yeye mwenyewe alisema mikoko inaota mahali ambapo babu yake alilima. Sababu anaijua kila mtu wa mto. Maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru yanazuiwa bwawa la Nyumba ya Mungu, yanamwagilia mashamba njiani, yanazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani. Yanayobaki kufika chini hayana nguvu ya kuisukuma bahari. Mimi nilikuja kuwatazama ndege, na kusema kweli ndege walikuwa wengi. Ila kinamasi kile kizuri kilikuwa kinapanuka juu ya mashamba ya watu, na sikuweza tena kukifurahia kwa moyo mweupe.

Tuliporudi gatini nahodha alitaja nauli, akaongeza kidogo kwa sababu tulipanda mbali kuliko tulivyopatana.

"Ulisema mamba, kwa wingi," mama mkubwa alimwambia huku akifungua fundo la kanga. "Nimemwona mmoja. Nipunguzie."

Akampunguzia.