Zote Zina Intaneti, Ila Hazionani

Katika matatizo yote ya mtandao wa nyumbani, hili ndilo linalochosha watu zaidi: kompyuta mbili, waifai moja, zote zinapata intaneti vizuri, lakini moja haiioni nyingine. Juzi mdogo wangu alitaka kuchukua picha kwenye kompyuta ya sebuleni kwa laptopu yake, ikagoma. Akataka kuzima ruta. Nikamwambia aiache kwanza, tusome anwani, yaani namba inayotambulisha kila kompyuta kwenye mtandao.

Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika ipconfig, unatafuta mstari wa IPv4. Ya sebuleni ilikuwa 192.168.1.14, yake 192.168.1.23, kwa hiyo ziko mtaa mmoja, yaani mtandao mmoja. Ingekuwa yake inaanza na 169.254, ningejua ruta haikuipa anwani, imejipachikia yenyewe.

Halafu ping, amri inayotuma maulizo manne mafupi kwa anwani ya mashine nyingine kuona kama inajibu, na tafadhali ijaribuni kutoka pande zote mbili. Watu hujaribu upande mmoja tu, wakakata tamaa. Sebuleni kwenda kwenye laptopu, majibu yote manne yalirudi. Laptopu kwenda sebuleni, kimya. Tofauti hiyo ina maana kubwa: kama jibu limerudi, basi ruta inapitisha mawasiliano kati ya mashine hizo, na anayezuia yumo ndani ya kompyuta ya sebuleni. Pangekuwa kimya pande zote, ningeangalia kwanza kama mmoja ameunganishwa kwenye waifai ya wageni, maana ile kwa kawaida hutenganisha vifaa makusudi.

Wengi wakifika hapa huzima fayawoli yote, yaani ule ulinzi wa kompyuta unaozuia mawasiliano yasiyotakiwa kutoka nje. Msifanye hivyo, inawalinda. Tulifungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta ya sebuleni tukakuta Windows imeuweka mtandao wetu kundi la umma, yaani imejificha kama vile iko katikati ya watu baki. Jina la waifai lilikuwa limebadilishwa karibuni, na kwa Windows jina jipya ni mtandao mgeni. Tukauhamishia kundi la faragha, tukawasha ushirikishaji wa faili na printa. Ping ikajibu palepale.

Kilichobaki ni kuandika \\192.168.1.14 kwenye kidirisha cha faili cha laptopu. Ikaomba jina na nywila, mdogo wangu akaweka PIN anayofungulia kompyuta ile, ikakataliwa. PIN hufanya kazi kwenye mashine yenyewe tu. Kupitia mtandao inatakiwa nywila halisi ya akaunti, na akaunti isiyo na nywila kabisa nayo hukataliwa. Alipoiandika, folda za picha zikafunguka.