Mkono wa Kushoto: Nilivyojifunza Kuanza Mbio za Spidiwei

Msimu wangu wa kwanza kwenye spidiwei, mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo ya mviringo, katika ligi ya chini hapa Uingereza, nilikuwa namaliza wa nne karibu kila mara. Tunashindana wanne: wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne patupu. Nami nalipwa kwa pointi. Injini, tairi, methanoli, vyote natoa mfukoni mwangu. Jioni nyingi nilirudi nyumbani na hasara.

Kasi nilikuwa nayo. Pikipiki zetu ni za silinda moja, injini ya cc 500, hazina breki. Kwenye kona unaiachia tairi ya nyuma iteleze, usukani umeukata kulia na wewe unakwenda kushoto, mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma ukiburuta chini. Hilo nililizoea mapema. Kilichonishinda ni kuanza. Mbio ni mizunguko 4, dakika moja tu hivi, na anayetangulia kwenye kona ya kwanza ndiye anayeona njia. Wa nyuma anakula udongo. Miwani ina karatasi za plastiki za kubandua zikichafuka. Mimi nilizimaliza zote kabla ya mzunguko wa tatu.

Fundi wangu ni mjomba, aliyetengeneza pikipiki Kisauni miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Jioni moja alisimama pembeni akanitazama, kisha akaniambia, "Mjomba, klachi si swichi ya taa." Kweli, nilikuwa naiachia yote kwa mpigo, gurudumu la mbele linanyanyuka, inabidi nipunguze mafuta, na wenzangu wameshapotea.

Tukaanza upya. Kifua juu ya usukani, mafuta yametulia, klachi naiachia kidogo mpaka inashika, ndipo namalizia. Mara thelathini kwa jioni, bila hata kuingia kona. Vidole viliniuma mpaka kushika kikombe ikawa kazi, na sahani za klachi tuliziunguza si haba.

Macho nayo yalihitaji adabu. Nilikuwa namchungulia jirani yangu. Sasa natazama tu utepe wa kuanzia, ule unaokingama mbele yetu na kupaa mbio zikianza, pale unaposhikwa kwenye nguzo, maana ndipo unapoachia kwanza. Mara moja nilikuwa na pupa nikaugusa, nikarudishwa mita 15 nyuma. Tena nikajifunza kuikwangua ardhi kwa buti kabla ya kujipanga, kutafuta udongo unaoshika chini ya ule uliolegea.

Ilikuwa mwezi wa nane, mbio za tatu jioni ile. Utepe ukapaa, nikatoka, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Niliporudi kwa mjomba alikuwa ameshika kitambaa tayari kunifuta miwani, kama kawaida yake. Akainama, akaitazama. Ilikuwa safi.