Jinsi nilivyopata mwaka aliozaliwa baba wa babu yangu

Kaburi lake pale Pongwe, Tanga, halina tarehe, cheti hakuna, na kila mzee niliyemuuliza alitaja mwaka tofauti.

Nikaacha kuuliza miaka. Kwenye daftari nikapanga matukio: reli kufika Moshi 1911, vita vya Tanga Novemba 1914 (vile ambavyo nyuki waliwatimua askari), Waingereza kuuteka mji Julai 1916. Kisha nikamuuliza bibi, si umri wa mkwewe, bali vita vya nyuki vilimkuta akifanya nini. Akajibu papo hapo huku akipepeta mchele: "Ndiyo kwanza katoka jandoni, alikimbia anachechemea!" Kwao walitahiriwa wakikaribia miaka kumi, kwa hiyo nimeandika takriban 1905. Harusi yake naitafuta vivyo hivyo.