Kuziba shimo la pikapu kwenye bodi ya gitaa: kumbukumbu ya mradi kabla ya rangi mpya

Rangi ya zamani imekwisha kutoka, na sasa bodi (kiwiliwili cha mbao) ya gitaa hili la umeme imebaki na kasoro moja kubwa. Aliyekuwa nalo kabla yangu alichimba nafasi ya pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi za gitaa) ya koili mbili katikati ya zile mbili za awali, kisha akaiondoa pikapu hiyo na kufunika pengo kwa plastiki. Shimo lina kina cha milimita 19 hivi. Kwa kuwa sitaki plastiki yoyote juu ya rangi mpya, ni lazima lizibwe kwanza.

Fundi mmoja wa samani pale Ngong Road, Nairobi, alinishauri nijaze fila ya magari, ile ya kuzibia mabonde ya bati, nipige msasa, na kazi iishe. Fila hukauka upesi nami huitumia kwenye mikwaruzo, lakini kwa shimo la ukubwa huu sikubaliani naye. Mbao huvuta unyevu wa hewa na kuutoa, ikitanuka na kusinyaa kwa upana, ilhali kwa urefu wa nyuzi zake haibadiliki kiasi cha kuonekana. Fila haifuati mwendo huo. Baada ya ukavu wa Januari na Februari kupokewa na mvua ndefu za Machi hadi Mei, mpaka kati ya vitu hivyo viwili huanza kujichora juu ya rangi, hasa rangi inayong'aa. Mbao huzibwa kwa mbao.

Bodi ni ya mahogani, kwa hiyo nilitafuta mahogani. Mbao nilizoziona sokoni Gikomba zilikuwa bado na unyevu, na kipande kibichi kikigundishwa ndani ya bodi iliyokauka kwa miaka mingi kitasinyaa na kuachana na kuta za shimo. Nilichotumia hatimaye ni mguu wa kitanda cha zamani, mkavu kabisa, wenye nyuzi zilizonyooka. Nilikata kipande ili nyuzi zake zielekee sawa na za bodi, kutoka upande wa shingo hadi mkiani. Katika jambo hili sioni nafasi ya kulegeza, kwa sababu kipande kilichokingama kitavutana na bodi kila msimu unapobadilika.

Ndani ya shimo mlikuwa na rangi nyeusi ya kuzuia mvumo wa umeme, ambayo niliikwangua yote kwa patasi, maana gundi haishiki mbao iliyofunikwa. Pembe zilikuwa za mviringo, kama ruta, mashine ya kuchimbia mbao, inavyoziacha. Nilitandika karatasi juu, nikasugua ukingo kwa penseli, nikahamishia umbo hilo kwenye kipande na kukizungusha pembe kwa tupa. Kiliingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Kinachobana zaidi ya hapo hupendeza kikiwa kikavu, lakini gundi nyeupe ya mbao ina maji, nayo mbao ikivimba kipande hukwama kabla ya kufika chini. Gundi inayonaswa chini huhitaji pia njia ya kutokea, ndiyo sababu nilikata vijifereji vyembamba ubavuni kwa msumeno mdogo. Nilipokaza klampu, gundi ilipanda humo ikajitokeza juu kama ushanga kuzunguka kipande.

Kipande kimeinuka milimita 2 juu ya bodi, na kwa sasa nakiacha hivyo kwa wiki kadhaa. Maji ya gundi yamevimbisha mbao kando ya kiungo; ukisawazisha mapema unaondoa uvimbe wenyewe, na mbao ikishakauka kiungo huzama na kuacha mstari chini ya rangi. Kisha itafuata randa fupi, halafu msasa namba 120 hadi 220 uliofungwa kwenye kibao ili usichimbe mabonde. Vinyweleo vya mahogani vitajazwa kwa fila laini ya mbao kabla ya sila, yaani tabaka la kuziba mbao chini ya rangi. Rangi itakuwa buluu nzito, kwa kuwa vanishi ya kuonyesha mbao ingeonyesha na kiungo, hata kingekuwa safi kiasi gani.