Uchovu wa moyo, uchovu wa sonona

Mgonjwa wa moyo akisema amechoka, kliniki nzima inamwelewa: damu haisukumwi vizuri, au kidonge cha presha kimezidi. Anaongezewa dawa ya kukojoa, anapangiwa tarehe. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa kunakodumu, inapita hapohapo bila kuulizwa, kwa sababu nayo huchosha, hukatiza usingizi na kuondoa hamu ya kula. Na si adimu: kwa makadirio, mmoja kati ya watano waliopata shambulio la moyo huwa nayo.

Tofauti siitafuti mwilini. Mwenye moyo dhaifu tu huhema akipanda ngazi, lakini bado anauliza mpira umeishaje. Mwenye sonona haulizi, na hujiona mzigo kwa watu wa nyumbani. Maswali mawili yanatosha kuanzia: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, aulizwe maswali yote 9 ya dodoso la kupima sonona, PHQ-9. Huko akifikisha alama 10, afanyiwe tathmini kamili. Swali la mwisho ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo 0 hushughulikiwa siku hiyohiyo, si tarehe ijayo.

Kwenye dawa za sonona ndiko kwenye mtego. Amitriptilini, mojawapo ya dawa hizo, ni ya bei nafuu, ila huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kushusha presha mtu anaposimama. Kwa aliyetoka kupata shambulio, sipendi hata kuiona kwenye cheti. Setralini, dawa nyingine ya sonona, ilijaribiwa kwa wagonjwa kama hao na mwaka 2002 ikaripotiwa kuwa haikuudhuru moyo. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na wapo wanaoiacha mapema wakidhani imeshindwa. Anayetumia pia dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini, klopidogreli au wafarini, huweza kuvuja damu kwa urahisi zaidi, hivyo achunguze fizi zinazovuja damu na choo cheusi.

Je, kutibu sonona huongeza umri? Utafiti wa ENRICHD wa Marekani, 2003, ulitumia tiba ya mazungumzo: huzuni ilipungua, vifo havikupungua. Hata hivyo ningetibu. Aliyekata tamaa huacha vidonge kimyakimya, presha inapanda, nasi tunamwandikia kingine ambacho nacho hatakimeza.