Paka wa Bibi na Viroboto wa Kibokoni

Mvua za masika zilikuwa zimekatika, jasho likatubakia, na Simsim, paka wa Bibi, akawa hatupi usingizi kwa kujikuna. Nyumba yetu ya Kibokoni ilikuwa na sakafu ya kizamani yenye nyufa, na mikeka kila chumba. Ghafla Simsim angejipinda kujing'ata kiunoni, karibu na shina la mkia. Hapo manyoya yalishanyonyoka, ngozi imejaa vipele vyekundu vyenye vigaga.

Majirani walimwonea huruma, kila mmoja akaja na tiba yake. Kuna aliyesema apakwe mafuta ya taa. Mwingine akaleta majani ya mwarobaini tumchemshie. Wa tatu alikuwa na chupa ya dawa ya viroboto iliyobakia kwa mbwa wa kazini kwake. Bibi aliwashukuru wote, na wote akawakatalia.

"Mwanangu, paka hujiramba mwili mzima," alimwambia yule wa mafuta ya taa. "Ukimpaka nje umemnywesha."

Mpaka leo, mtu akiniuliza nimpake paka nini, humjibu kwa maneno hayo.

Baada ya sala ya alasiri Bibi alimpakata juu ya kitambaa cheupe, akashika kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana, akaanza kumchana pole pole kuelekea mkiani. Vikaanguka vichembe vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Alichovya kidole majini akavidondoshea. Vikayeyuka, kitambaa kikaingia wekundu wa kutu.

"Haya ni mavi ya viroboto," akaniambia. "Hiyo ni damu ya Simsim."

Kiroboto akinaswa kwenye kitana, nilimtosa kwenye bakuli la maji ya sabuni. Sabuni ni lazima, maana kwenye maji matupu huelea, akaruka zake. Kisha Bibi akamkanda ngozi kwa kitambaa cha maji baridi, bila kutia chochote, na Simsim akatulia.

Mikeka tuliianika juani na kuikung'uta, matandiko tukayafua kwa maji ya moto, nyufa tukazifagia hadi pembeni. Kazi hiyo ilituchosha kuliko paka mwenyewe.

Vidonda viwili vilikuwa vimeanza kutunga usaha, na hapo Bibi hakutaka mchezo. Tulimtia Simsim kikapuni tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Alitueleza kuwa kinachowasha hasa ni mate ya kiroboto: paka mwenye mzio akiumwa na wachache tu, huwashwa siku nyingi. Mayai hayakai mwilini, hudondoka yakaangulika kwenye mikeka na nyufa, na joto lenye unyevu kama la pwani huyafaa sana. Aliposikia habari ya ile chupa ya mbwa alishtuka. Dawa nyingi za mbwa zina pameterini, ambayo humtetemesha paka na yaweza kumuua. Hata mafuta ya mwarobaini, alisema, huweza kumdhuru. Simsim akadondoshewa dawa ya paka nyuma ya shingo, mahali ulimi haufiki. Bibi akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Viroboto hawakuisha siku ile. Waliokuwa wamejificha kwenye nyufa waliendelea kutoka, nasi tukaendelea kuchana na kufagia mpaka manyoya yakaota upya. Yule jirani wa mafuta ya taa akaja kuazima kitana kwa ajili ya paka wake. Bibi alimpa, akamwamuru aanze na mikeka.